Lori Limetengenezwa, Nyumba Imeharibika

Kwa Meneja wa Karakana,
Mlango wenye bango la HONI NI KWA HATARI TU.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTENGENEZWA KWA LORI LANGU BILA RIDHAA YANGU, NA MADHARA YALIYOFUATA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani, na kwamba kile kiti chako kipya kinazunguka vizuri. Mimi mwili wangu hauna neno. Kinachoumwa ni nyumba.

Ninaandika kwa adabu zote, kwenye meza iliyofutwa, ili ujue sikukurupuka. Kabari, utingo wangu, alinishauri nije ofisini nipige meza. Nilimkatalia. Mtu mzima hapigi meza, anaandika. Na mimi, kama ujuavyo, hata honi sipigi. Jina la Dereva Kimya sikujipa mwenyewe, mlinipa ninyi siku ile mliponikabidhi Cheti cha Utulivu Barabarani mbele ya wafanyakazi wote, na cheti hicho kiko sebuleni kwangu, ukutani, juu ya redio. Tangu nianze kazi hii kiganja changu hakijawahi kugusa katikati ya usukani. Ng'ombe akilala barabarani, ninangoja amalize ndoto yake. Kabari ndiye hushuka kumwamsha.

Sasa niseme kilichotokea. Juzi juzi nililiingiza lori karakana kubadilisha oili. Oili tu, Ndugu Meneja. Niliporudi kulichukua nilimkuta fundi umeme, Bwana Vipimo, yule anayetembea na mita shingoni kama daktari, akitabasamu peke yake. Akaniambia amenifanyia hisani. Amegundua kontroli boksi ya bodi ni mbovu, akaing'oa, akaweka mpya. Kwa faida ya watu wa ofisini watakaoisoma nakala: kontroli boksi ya bodi ni kale kasanduku kaliko chini ya dashibodi, upande wa utingo, kanakoamrisha taa, honi, waipa, vioo na kufuli za milango. Injini ina ubongo wake mkubwa. Haka sisi madereva tunakaita ubongo mdogo.

Ubongo mdogo wa lori langu ulikuwa mbovu, sikatai. Kioo cha mbele kilikuwa kinavuja, maji yakaufikia, ukaanza kuchanganya mambo. Lakini ulichanganya mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila siku ya Mungu, na kosa likishakuwa na ratiba hilo ni tabia, si ugonjwa. Tulishazoeana. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Bwana Vipimo kanifukuzia zimwi langu, kaniletea mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja, na mwenyeji yuko hoi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. HONI. Ubongo wa zamani, nikiwasha indiketa ya kushoto, ulipiga honi wenyewe, mara mbili, kwa ufupi: pi-pii. Kulia haukupiga. Kamati ya cheti ilinihoji sana juu ya jambo hilo, ikaridhika kwamba ile ni honi ya lori, siyo ya dereva. Sasa, kwangu, ambako ulinipa ruhusa ya kulilaza lori uwanjani kando ya nyumba, mtu huingia kwa kukata kushoto. Na mama watoto hushona sare za shule chumba cha mbele. Kila jioni nikikata kona, pi-pii, alinyanyua mguu kwenye pedeli ya cherehani, akatoka na futi kamba yake shingoni, akafungua geti kabla sijafika. Maji ya kuoga yako tayari. Na uso wake, Ndugu Meneja, sitauelezea katika barua ya kikazi.

Yeye lori hili huliita Mke Mwenza, kwa kuwa anasema nalala humo kuliko nyumbani. Ni utani tu. Walikuwa wanapatana kabisa. Mke Mwenza anasema pi-pii huko konani, mama watoto anamjibu kwa geti. Mimi nilijua ni waya unaosema. Lakini waya nao ukikuletea heri unauheshimu, huuchokonoi.

Jioni niliyotoka karakana nikakata kona ile. Indiketa ikasema tik, tik, tik. Lori likateleza kimya mpaka getini. Geti limefungwa. Ndani cherehani inakwenda, haina habari. Nikakaa pale usukani kama mgeni wa kukopa sukari. Baadaye akatoka, akafungua, akanitazama, na hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, kama askari anayemshuku mtu kuwa ameficha kitu. Akangoja kidogo. Kisha akarudi ndani na cherehani ikaendelea pale ilipoishia.

Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo. Anafungua geti, anatazama mikono, anangoja, anaingia. Maji najichotea. Chakula nakipata, sitaki kumsingizia mtoto wa watu, lakini sahani inakuja imefunikwa na maneno nayo yamefunikwa. Nimewahi kunawa mikono mara mbili kabla ya kuingia mtaani, nikidhani labda ni grisi. Haikusaidia.

2. WAIPA. Zamani nikikanyaga breki, waipa zilipunga mara moja na kurudi. Mtaani kwetu kuna tuta mbele ya fundi viatu. Nikifika hapo lazima nifunge breki, waipa zinapunga, na watu wakachukulia kwamba nawasalimu. Wakapunga nao. Fundi viatu alipunga na nyundo. Yule jirani mstaafu, ambaye salamu ya mtu huipokea kwa kukohoa, alifikia hatua ya kuvua kofia. Sasa napita tuta lile kioo kimetulia kama maji ya mtungini, na watu wameanza kusema nimevimba kichwa. Mstaafu amemtuma Kabari aniambie kwamba vyeo hupita. Je, Ndugu Meneja, nimepandishwa cheo? Kama nimepandishwa, mimi sijaambiwa.

3. KIOO CHA DEREVA. Nikiweka gia ya rivasi, ubongo wa zamani ulishusha kioo changu mpaka chini. Hivyo nilimsikia Kabari kule nyuma akisema njoo, njoo, kata, kata tena, simama. Huu mpya unaheshimu kioo kuliko utingo. Siku ya kwanza ghalani Kabari alisema simama, mimi nilisikia kama mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto. Pipa la taka la pale ghalani sasa ni sinia. Kabari naye kwa kupiga makelele kutwa sauti imemkauka, ananong'ona kama mwizi, na mchumba wake amemuuliza anaficha nini. Najua utasema kioo kinashushwa kwa kitufe. Kitufe kipo. Lakini mtu aliyezoea kufunguliwa mlango hakumbuki komeo liko wapi.

4. TAA ZA DHARURA. Zilikuwa zinawaka zenyewe tukipita kwenye shimo, magari yanatupisha yakidhani tuna msiba. Siku hizi tunapanga foleni kama watu wengine. Hili ni dogo, nimelitia ili orodha isipungukiwe.

5. UMBEA. Ubongo mpya unasema. Ti-ti-ti, mkanda. Ti-ti-ti, mlango haujashika. Ti-ti-ti, taa ya nyuma imeungua. Ndugu Meneja, nina mke, nina mama mkwe, nina wewe. Nafasi ya mtu wa nne wa kunisema haikutangazwa.

6. MAMA MKWE. Hapa naomba usome polepole.

Mama mkwe wangu miaka ya mwanzo hakunipenda. Aliwaambia watu kwamba mwanamume asiyepiga honi barabarani hatakuwa na neno nyumbani. Nilinyamaza, jambo ambalo sasa naona halikunisaidia. Siku moja nikampa lifti na mzigo wake wa vyombo. Tukafika kwake, mvua inanyesha, nikazima injini. Ubongo wa zamani, ukizimiwa injini, ulikuwa na kawaida ya kufunga mlango wa utingo, na ulifungua ukijisikia. Na mlango wa pili, wa kwangu, yeye na magoti yake asingeweza kuvuka gia kuufikia. Basi tukakaa. Halafu akasema kiti hiki ni laini. Nikasema ndiyo, mama. Halafu akauliza mama yangu mzazi alikuwa mtu wa namna gani, nikamweleza, akalia kidogo, nami nikalia kidogo, vioo vikapiga ukungu. Kufuli lilipofunguka alikuwa ananiita mwanangu.

Tangu hapo kabini ile ndiyo iliyokuwa baraza letu. Shemeji niliyegombana naye kwa ajili ya ngazi alipanda, nikazima injini, akashuka ndugu. Fundi bomba aliyeniachia bomba wazi alipanda, akashuka akaenda kulimalizia. Hakuna aliyewahi kushuka na kinyongo, kwa sababu hakuna aliyeweza kushuka.

Jumapili iliyopita nilimwomba mama mkwe apande, tuzungumze juu ya ukimya wa binti yake. Nikazima injini. Nikaanza na utangulizi: mama, unajua mimi na mwanao tumetoka mbali. Akanisikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia, "Baba, jibu lake unalo mkononi mwako." Akavuta kitasa. Mlango ukafunguka, laini, bila hata kukwaruza. Akashuka akaenda zake. Ameniacha kwenye utangulizi, Ndugu Meneja, mtu niliyekuwa na hoja mpaka jioni.

Nikatazama mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa lori. Ndipo nikafahamu kwamba hata yeye, mama wa watu asiyejua fyuzi wala soketi, ameona kuwa chanzo cha yote ni karakana yako. Jioni ile ile nikanunua karatasi.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima:

(a) Nirudishiwe ubongo wangu mdogo. Nasikia uko kwenye katoni chini ya meza ya Bwana Vipimo, umeandikwa CHAKAVU kwa kalamu nyekundu. Siyo chakavu yule. Ameishi na familia yangu kuliko sofa.

(b) Ikiwa hairudishiki, basi huu mpya ufundishwe. Bwana Vipimo mwenyewe ameniambia kwamba kontroli boksi mpya inakuja haijui kitu, hailijui lori wala ufunguo wake, na kwamba alikaa nayo mchana kutwa na kompyuta yake akiifundisha. Vema sana. Kinachofundishika kuwa sahihi kinafundishika kukosea. Mtaala ni huu: kushoto, honi mbili fupi. Breki, waipa moja. Rivasi, kioo chini. Injini ikizimwa, mlango wa utingo ufungwe kwa muda usiopungua maongezi ya kiungwana. Niko tayari kuwa mtahini.

(c) Ikiwa haifundishiki, Bwana Vipimo awe anasimama konani kwetu kila jioni na kusema pi-pii kwa mdomo. Sauti anayo. Nilimsikia akiimba kwenye sherehe ya kumuaga mlinzi wa zamani.

(d) Ikiwa naye ataona aibu, basi wewe mwenyewe umwandikie mke wangu, kwenye karatasi yenye nembo, na mhuri juu, kwamba ukimya wa lori hili unatokana na matengenezo na hautokani na kupungua kwa mapenzi. Uambatanishe vipimo vya umeme, kabla na baada, ili aone kwamba kwa upande wangu hakuna kilichoshuka.

(e) Na kuanzia sasa iwe kanuni ya kampuni: gari lolote lisitengenezwe kabla ya kuulizwa mke wa dereva na, inapowezekana, mama mkwe. Fundi anajua gari linavyotakiwa liwe. Wao ndio wanajua lilivyo.

Sitaki uone kama napenda ugomvi. Nimekuwa mtu wa kimya maisha yangu yote na nimetunukiwa kwa hilo. Lakini kimya cha barabarani ni kimoja na kimya cha nyumbani ni kingine. Jana usiku, nilipokuwa natafuta maneno ya barua hii, yeye alikuwa chumba cha pili anakunja sare, nami nikamkumbuka mke wangu kama mtu aliyesafiri. Nilitaka nimwite. Sikujua nianzie wapi, kwa maana miaka yote nilikuwa naanzia konani.

Nisalimie wahasibu wote, nisalimie mama wa jikoni na umwambie chai yake ya juzi ilinitoa kikohozi. Nisalimie mlinzi wa getini, mpya na wa zamani akija. Wasalimie watoto wako na walimu wao. Bwana Vipimo pia nisalimie, ila yeye kwa mbali.

Nabaki mimi, mtumishi wako mtulivu mwenye cheti,

Dereva Kimya

Nakala: Bwana Vipimo (asome akiwa amekaa)

N.B. Ndugu Meneja, naomba uanze kusoma hapa, huko juu usisome.

Kabla sijaitia barua kwenye bahasha nilimsomea Kabari pale sebuleni, nione kama inauma. Yeye kwa kuwa sauti hana, alikuwa anatikisa kichwa tu. Nilipofika lalamiko la kwanza, cherehani ikanyamaza chumba cha mbele. Sikujali, nikaendelea. Nilipofika kwenye Bwana Vipimo kusimama konani, mama watoto alikuwa mlangoni, futi kamba shingoni, mkono mdomoni. Nilidhani analia. Alikuwa anazuia kicheko.

Akaniuliza kama kweli miaka yote nilidhani hajui. Anasema alijua tangu mwanzo kabisa, tangu siku ile nilipokuwa kitandani na homa, Kabari akalileta lori kutoka ghalani, likakata kona, pi-pii, naye akafungua geti mbio akamkuta Kabari. Kumbe alijua. Akasema, "Miaka yote hii anayenisalimu ni Mke Mwenza. Aliponyamaza mimi nilifurahi. Nikasema haya, leo ni zamu ya mwenye nyumba. Ndiyo nasimama pale natazama mikono yako, baba watoto, nangoja. Mpaka mama nimemwambia."

Nikamwonyesha cheti. Nikamweleza kuhusu bango la mlangoni kwako. Akakwenda ukutani, akakigeuza cheti kikautazama ukuta, akatoka nje, akafunga geti, akasimama upande wa ndani.

Sikuwa na la kufanya, Ndugu Meneja. Nilipanda lori, nikatoka kwa lango la pili, la upande wa uwanjani, nikazunguka mtaa mzima. Kwenye tuta nikampungia mstaafu kwa mkono wangu mwenyewe, na imewezekana. Nikafika konani. Indiketa, tik, tik, tik. Nikaweka kiganja katikati ya usukani. Nikabonyeza. Geti lilikuwa wazi kabla sijakata kona yote, na uso wake ulikuwa ule ule ambao sitauelezea. Zaidi ya ule ule.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, la kwanza mpaka la sita, na maombi yote mpaka (e). Bwana Vipimo nisalimie kwa karibu. Ubongo wa zamani ubaki kwenye katoni, ila asiutupe, mama mkwe anaweza kuuhitaji kwa maongezi. Kanuni ya honi nimeivunja, na kwa kuwa nakusudia kuivunja kila jioni, cheti nitakirudisha.

Limebaki jambo moja tu la kiufundi. Kitufe kile hakijawahi kubonyezwa tangu lori litoke kiwandani. Kimeingia, hakijatoka. Nilikusudia pi-pii. Honi inalia mfululizo tangu hapo, nami naandika haya kabini, karatasi gotini, usinilaumu kwa mwandiko. Mtaa mzima umetoka nje. Kabari anajitahidi kuniambia ni fyuzi gani, lakini hata angekuwa na sauti nisingemsikia. Mama watoto ameziba masikio, amekaa chini kwenye kizingiti cha geti, anacheka mpaka futi kamba imemvuka shingoni.

Naomba umtume fundi aje aitazame. Hakuna haraka.